Mdudu wa manyoya kwenye waridi la mama

Jumamosi ile nimetoka kuanika nguo, nikaona kitu kwenye waridi la mama nikajua ni uzi wa sweta umenasa kwenye mwiba, nikauvuta, kumbe kiwavi! Kama sentimita 3 hivi, manyoya mwili mzima, na mgongoni ana vishungi vinne rangi ya krimu vimepangana kama mswaki mpya. Kichwani vinywele viwili virefu vyeusi kama pembe, na nyuma kimoja tena. Aisee mzuri mno.

Bibi jirani kachungulia juu ya ukuta: "We mjukuu wangu, mwache huyo, washawasha!" Nilishamshika. Mkono ukaanza kuwasha na mi nikaukuna, kosa kubwa, maana yale manyoya yana vimiba vidogo na ukikuna ndo yanazidi kuzama. Baadae nikabandika selotepu nikaibandua mara kama tano, nikaosha na sabuni, ikapoa.

Sa huyu ni nani? Apu ya kwenye simu ikasema ni woolly bear, wakati yule ni wa huko Marekani na Kanada, afu ni mweusi na mkanda wa kahawia katikati, hata vishungi hana. Hizi apu ukizipa manyoya zinajibu manyoya. Nikahesabu miguu, sita ya kweli mbele na ile minene ya kunatia huku nyuma jozi tano, basi hapo nikajua ni mtoto wa nondo au kipepeo, maana kuna wadudu wengine wanafanana na viwavi ila miguu yao ya nyuma inazidi hapo. Vile vishungi vinne ndo vikanipeleka kwenye nondo wa jenasi ya Orgyia, ila picha za mtandaoni zote zinafanana, nikasema ngoja nimfuge.

Kopo la siagi, neti juu, majani ya waridi kila asubuhi. Siku ya nne akajifungia kwenye kifuko cha nyuzi alichochanganya na manyoya yake mwenyewe, kwa hiyo hata nyumba yake inawasha. Wiki mbili kasoro, nafungua kopo, nakuta kitu kama kigunia kidogo cha kijivu kimekaa juu ya kifuko, hakina mabawa, nikasikitika kweli nikajua nimemlemaza kwa kumfungia kwenye kopo. Kumbe ndo jike lenyewe! Jike la hawa haliruki, linakaa hapo hapo linatoa harufu, dume ndo lina mabawa linaifuata. Jioni ile nondo wawili wa kahawia wakawa wanazunguka neti kama wamelewa, nikafunua.

Asubuhi kifuko kimejaa mayai meupe. Mama kauliza yakipasuka yatakula nini, nikaangalia waridi, nikanyamaza. Kopo nimelihamishia kwenye mnyonyo kule nyuma ya choo.