Siku yangu na patasi, wino na kisanduku kitupu

Saa 12 asubuhi. Mchoro nilioupenda jana usiku umeniudhi leo: nguruwe ndani ya suti, amekalia marundo ya noti. Nauchana. Nguruwe huyu kachorwa mno, na kila anayemtazama huondoka akijua mroho ni mtu mwingine.

Saa 2. Narudi kwa mzee wetu wa kazi hii ya kuchapa picha za kejeli, Mwingereza William Hogarth. Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya South Sea, London, zilipanda kutoka pauni 128 hivi hadi karibu 1,000, kisha zikaporomoka mwaka huohuo. Kwenye picha yake ya 1721 kuhusu wazimu huo, shetani anamkatakata Bahati, aliyechorwa kama mwanamke, na kuwarushia watu minofu. Ila mimi huitazama zaidi ile bembea ya kuzunguka: kasisi yumo, kahaba yumo, hata mng'arisha viatu yumo.

Saa 3 hadi saa 8 nachonga linoleamu, kibao laini cha kuchapia picha. Nataka ile hila ya kabla ya 2008: mikopo ya nyumba ikafungwa vifurushi, ikauzwa, ikafungwa upya, ikauzwa tena, mpaka benki ya Marekani, Lehman Brothers, ikaanguka Septemba 15 mwaka huo. Nimechora watu saba wakipokezana kisanduku chenye utepe. Kila mmoja anachomoa kitu kabla ya kukipitisha. Wa saba anatabasamu, hajakifungua.

Saa 9. Chapa ya majaribio. Kisanduku kimeandikwa ADIAF. Miaka yote hii, na bado nasahau kuchonga herufi kinyume! Nalikwangua neno zima la FAIDA, inabaki lebo nyeupe. Kusema kweli, imekuwa bora.

Kisha ni wino, rola, karatasi, na kusugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao hadi bega liwake. Mbili nimeziharibu kwa dole gumba.

Saa 2 usiku. Nakala 30 zinaning'inia kambani; wino wa mafuta hautakauka leo wala kesho. Nimekwisha kuandika namba ya kila nakala kwa penseli, 1/30, 2/30, mpaka mwisho. Desturi ni kukikwaruza kibao baada ya hapo kisichapwe tena, maana uchache huo ndio mnunuzi anaoulipia.

Patasi ninayo mkononi. Karatasi zimebaki kumi, na wino upo.

Nimekifunika kibao kwa gazeti. Nitakikwaruza kesho.