Utando juu ya maji: kona imejitokeza

Jamani ile kona niliyokuwa naitafuta kwenye grafu imeonekana! Kwa wageni, nachofanya ni kudondoshea asidi ya steariki juu ya maji, hii hii wanayonunua watengeneza sabuni, nimeiyeyusha kwenye petroli ya kujazia viberiti, tone likigusa maji linakimbia pande zote, petroli inapaa na unabaki utando wenye unene wa molekuli moja tu. Afu naubana taratibu kwa kipande cha kioo. Trei ni ya kuokea mikate, nimeipaka nta ya mshumaa ili maji yavimbe juu ya ukingo bila kumwagika, na kuna mzani wa dhahabu unaosoma mpaka miligramu moja, umening'iniza karatasi ya kuchujia yenye upana wa sentimita 2 iliyogusa maji.

Maji matupu yanaivuta hiyo karatasi kwa kama gramu 0.29. Ukianza kubana unasukuma weee namba imetulia tu, molekuli bado zina nafasi. Ghafla inaanza kushuka, maana utando uliobanwa unapunguza mvuto wa maji, 0.28, 0.27, na ikikaribia 0.19 mteremko unakuwa mkali zaidi. Hiyo ndo kona. Kabla yake molekuli zimeinama zote upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, baada yake zinasimama wima na kila moja inabaki na nanomita za mraba 0.20 hivi. Ile hali ya kuinama ni ndugu kabisa wa fuwele kimiminika za kwenye skrini, mwelekeo umepangika ila nafasi zenyewe zimelegea.

Maji natumia ya betri. Ya bomba letu hapa Dodoma ni magumu, birika lina ukoko mweupe unaoweza kuubandua kwa kucha, na ile kalsiamu inashikana na asidi, utando unakakamaa mapema na kona hupati. Nikaujaribu makusudi, nikanyunyiza poda ya mtoto juu yake nikapuliza, poda haikutawanyika, ilisogea kipande kizima! Mi naona hilo nalo ni jaribio la kujitegemea, ntalirudia.

Na anayesema haya mambo lazima uwe na maabara, Agnes Pockels alianza na chombo cha bati nyumbani kwao Ujerumani, barua yake ikatoka kwenye jarida la Nature mwaka 1891, Irving Langmuir, mkemia Mmarekani aliyechunguza tando hizi hizi, kaja nyuma sana na Nobel kapewa yeye 1932.

Inayofuata ni asidi ya miristiki, molekuli yake ina kaboni 14 badala ya 18. Hiyo unabana namba inakwama kwa muda, kwa sababu utando uliolegea na uliobanana vinaishi pamoja, na joto likipanda inakwama kwenye mgandamizo mkubwa zaidi, yaani namba ya mzani ikiwa chini zaidi. Chumba changu hakina AC, kwahiyo baridi ya usiku wa Julai na joto la Oktoba vitanifanyia kazi bure. Ile 8CB, fuwele kimiminika yenyewe, ambayo ukiibana safu moja inakunjamana kuwa tatu, bei yake wacha tu. Kwanza natafuta mota ya printa mbovu isukume kioo, mkono ukitetemeka kidogo grafu yote inakuwa milima.