Kumbe ni pampu ya maji: jinsi nilivyopata chanzo cha matone chini ya gari

Kila asubuhi nilikuta doa mbichi chini ya injini, upande wa mikanda. Kwanza nilidhani ni maji ya AC, lakini hayo hayana rangi wala harufu. Haya yalikuwa ya kijani, yanateleza kidogo vidoleni, na yana harufu tamu. Oili ya injini ingekuwa ya kahawia au nyeusi, na ya gia boksi otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Basi hii ilikuwa kulanti, yaani maji ya kupozea injini. (Usiionje kamwe, ni sumu, na mbwa huvutiwa na utamu wake. Nilifuta sakafu siku hiyohiyo.)

Nilitandika boksi la katoni usiku kucha ili nijue tone linaangukia wapi hasa. Mipira ya rejeta ilikuwa mikavu, na vibano vyake vimekaza. Injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto kunaunguza vibaya, nilifunga kipimo cha presha mahali pa kifuniko na kupampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ili kulanti isukumwe itokee panapovuja. Baada ya dakika chache, tochi ilinionyesha: mstari mweupe wa chumvichumvi chini ya puli ya pampu ya maji, na tone likichungulia kwenye kitundu chake. Kitundu hicho hutoa kulanti pale sili ya ndani ya pampu, ile inayozuia kulanti isitoke, inapokufa.

Nilibadilisha pampu na gasketi, nikajaza kulanti, nikatoa hewa. Katoni imebaki kavu.