Dakika Moja ya Wanyama

Jana wanangu walikuwa sebuleni na simu yangu, wameweka saa ya dakika moja, wanashindana kutaja wanyama. Mdogo alifika kwa twiga akakwama. Kaka yake akaanza kumcheka, nami nikasikia sauti yangu ikifoka: "Mwache, anafikiri!" Baba yao akachungulia kutoka jikoni kuona nani kaumia.

Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nimemkumbuka mzee mmoja wa Olancho, Honduras.

Ilikuwa hapa hapa Houston, nikiwa bado mgeni kazini. Kazi yenyewe ni hii: mwanasaikolojia wa ubongo anachagua vipimo, mimi nakaa na mgonjwa, nashika saa, naandika kila atakachotamka. Mzee alikuwa na kifafa kilichokataa dawa. Chanzo kilikuwa tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye viluwiluwi vyake huweza kuingia ubongoni, na hapo mtu wa Mbozi, Tanzania, ambako mnyoo huyo ni wa kawaida, haelezwi mara mbili. Picha zilionyesha kovu upande wa kushoto wa ubongo, usawa wa sikio. Wapasuaji walitaka kujua wakikata pale atapoteza maneno kiasi gani, maana aliye na kumbukumbu nzuri ya maneno ndiye mwenye kingi cha kupoteza.

Nusu ya vipimo vya kabati letu havikumfaa. Kipimo cha kuunganisha namba na herufi tulikiweka kando, kwa sababu shule alisoma miaka miwili tu. Tukatumia kile cha namba na rangi. Kile cha akili kilichosanifiwa Puerto Rico miaka ya 1960, bosi wangu hakutaka hata kukiona, kwa kuwa kinampandishia mtu alama. Kutaja maneno kwa herufi, ambako wenye Kiingereza hutumia F, A na S na wenye Kihispania P, M na R, nako kulimtoa jasho bure. Lakini wanyama! Nani hana wanyama?

Nikabonyeza saa. Ng'ombe, akasema. Fahali, ndama, farasi, nguruwe, kuku, bata mzinga, mbwa. Alikuwa anakwenda kasi, kalamu yangu inamkimbiza. Nyumbu wa mizigo.

Kisha kimya.

Nikamwangalia midomo: hatafuni hewa. Vidole: havichezei vifungo vya shati. Macho yalikuwa ukutani, lakini yalikuwa yanaona kitu, si yale ya degedege ninayoyafahamu. Saa inakwenda. Mpimaji haruhusiwi kudokeza, hata mbuzi, hata paka. Mkalimani, mama mmoja wa Kolombia, akanikazia macho: si umsaidie basi? Nikainamia karatasi. Ilipopita sekunde ya 50 mzee akasema paka, kwa sauti ya mtu anayemaliza deni. Muda ukaisha.

Nikamuuliza alikwama wapi. Mkalimani akanipa jibu: hakukwama. Alikuwa anazunguka boma lake la zamani, akimtaja kila aliyemkuta. Alipofika kwa nyumbu akakumbuka kuwa alimuuza apate nauli ya safari ya kuja kaskazini. Akasimama naye kidogo. Wengine walikuwepo kule nyuma, aliwaona, ila hakupita.

Jumla: 10. Ni alama ya chini, na inalingana vizuri mno na kovu la kushoto. Huenda lilikuwa ni kovu kweli. Ubongo uliokwama unaweza kujitungia sababu, tena sababu nzuri, na mwenyewe asijue. Na jedwali la kumlinganisha mtu wa miaka miwili ya shule, ukilitafuta, ni jembamba.

Pembeni mwa karatasi nikaandika: kimya kirefu, hakuna dalili za degedege, anasema alikuwa kwa nyumbu. Bosi akasoma, akavua miwani, akaniuliza hiyo ni data au ni hadithi. Nikamwambia aamue yeye, ndiye mwenye shahada. Kwenye ripoti ikaingia nusu ya kwanza tu.

Mzee alipasuliwa. Baadaye nilikutana naye kliniki, akanisalimia kwa jina, halafu nikasikia wamehamia jimbo jingine. Mimi bado naandika pembeni. Wenzangu wananilalamikia kwamba karatasi zangu hazisomeki.