Jumatatu zetu mbaya zilikuwa zinatengenezwa Jumapili usiku

Leo Jumapili, saa nne na nusu usiku, niko nyumbani Igoma. Nimekula ugali na sato, nimeoga, laptopu iko juu ya kabati na wala siitaki. Kwa mtu mwingine hilo si la kuandika, ila mimi karibu miaka miwili Jumapili saa kama hizi nilikuwa ofisini na mlinzi, tunasikiliza feni za seva, nasubiri indeksi za databesi (zile orodha zilizopangwa ili rekodi ipatikane haraka) zijengwe upya. Ngoja niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kujipamba kwenye kumbukumbu, maana ukweli ni kwamba tatizo nililokuwa natibu nilikuwa nalileta mimi mwenyewe, kila wiki, na posho nalipwa.

Kazi yenyewe: taasisi ya akiba na mikopo midogo, matawi kadhaa kanda ya ziwa, mawakala wengi wanaingiza miamala kwa simu. Databesi ni SQL Server ya Microsoft, ile leseni ya Standard, na kila muamala ukiingia lazima seva ya pili ilioko upande mwingine wa mji ikiri kwamba nayo imeandika ndo keshia aone "imekamilika". Laini ya kati ya hizo seva mbili sio ya kujivunia. Kumbuka hilo, litarudi.

Nilipoajiriwa nilirithi skripti, yaani amri zilizoandikwa tayari za kutunza indeksi. Inapima indeksi zote, iliyotawanyika kati ya asilimia 5 na 30 inapangwa upya, iliyozidi 30 inajengwa upya kabisa, ndogo chini ya peji 1,000 (peji ni ukurasa wa data) inaachwa. Mtu yeyote wa hii kazi anazijua hizo namba kama anavyojua namba yake ya simu. Sikuwahi kujiuliza zimetoka wapi. Baadae sana ndo nikaja kusoma kwamba Paul Randal, aliyekuwa ndani ya timu ya SQL Server huko Microsoft, alishasema wazi kabisa kuwa yeye ndo alizitoa, watu walikuwa wanataka namba ya kuanzia basi akawapa. Hata hapo sikuacha. Namba ikishaingia kwenye skripti inakuwa kama dini.

Sasa kwa ambao hamjui indeksi inatawanyikaje, fikiria daftari la madeni la mangi. Kaamua kuwapanga wateja kwa herufi, kila ukurasa watu 40, kaandika mpaka mstari wa mwisho kwa sababu daftari ni hela. Kesho anakuja Athumani, naye lazima akae kati ya Asha na Aziza, na ukurasa umejaa. Mangi afanyeje? Anafungua ukurasa mpya huko nyuma, nusu ya watu anawahamishia huko, halafu pale mbele anaandika "endelea ukurasa wa 212". SQL Server inafanya hivyo hivyo, peji zake ni kilobaiti 8, ikijaa inapasuka mbili. Hapo umepata hasara za aina mbili kwa mpigo. Moja, mpangilio umevurugika, ukisoma daftari toka mwanzo unaruka mbele na nyuma. Pili, sasa una kurasa mbili na kila moja iko nusu tupu, daftari limenenepa bila wateja kuongezeka. Na watu wengi (mimi nikiwemo) tukisema fragmentesheni, yaani huko kutawanyika, tunawaza ile ya kwanza tu.

Kwanini ile ya kwanza tu? Kwa sababu ya kipimo. Kuna fanksheni inaitwa sys.dm_db_index_physical_stats, ukiiita bila kuielekeza inatumia hali ya LIMITED, ambayo haigusi kabisa peji zenye data, inachungulia ngazi ya juu yake na kukupa asilimia ya mvurugiko. Safu ya ujazo wa peji inakuja NULL, yaani haina jibu. Ukitaka ujazo uiambie SAMPLED au DETAILED, na DETAILED inasoma peji zote kwa hiyo usiifanye saa nne asubuhi matawi yakiwa wazi, utajuta. Basi miaka miwili nimeiona hiyo NULL, kila Jumapili, na sikuwahi kuiuliza kitu.

Aliyenifungua macho wala si mtu wa IT. Ni mama mhasibu wetu, siku moja kanikuta kwenye korido akaniambia, "Mwanangu, hivi hii mashine yenu ina nini, Ijumaa na Jumamosi inakimbia, Jumatatu inasinzia mpaka mchana." Nikamjibu lile jibu letu la siku zote, mama Jumatatu watu wengi. Akasema, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu ni wengi kuliko Jumatatu yoyote, na haisinzii." Akaenda zake.

Lile neno lilinikaa. Kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakijui, kwamba Jumamosi ndo siku ambayo namba yangu iko vibaya kuliko zote, tebo ya miamala inakuwa imevurugika asilimia 90 na ushee, na Jumatatu asubuhi ndo iko safi, sifuri nukta kitu, natoka nayo usiku nimeing'arisha. Yaani databesi ikiwa "mgonjwa" inakimbia na ikitoka "hospitali" inachechemea. Kama kipimo ni sahihi basi mama anaongea uongo, na huyo mama haongei uongo, ana miaka mingi anafunga hesabu.

Wiki ile nikaamua kuhesabu peji zinazopasuka badala ya kuhesabu mvurugiko. Hapa kuna mtego mwingine, ile kaunta ya Windows ya Page Splits/sec inahesabu hata peji mpya inayoongezwa mwishoni mwa daftari, ambayo haijapasua chochote, kwa hiyo ukiiangalia peke yake utadanganyika. Nikaenda kwenye logi yenyewe, kumbukumbu ambayo databesi inaandika kila badiliko, nikahesabu rekodi za LOP_DELETE_SPLIT, hizo ndo mpasuko wa kweli. Jumatatu toka kufungua mpaka saa sita mchana: miamala 31,000, mipasuko elfu 28 na kitu. Hiyo ni indeksi kuu peke yake, na tebo ina indeksi 7. Jumamosi kwa idadi kama ile ile ya miamala: elfu 6 na ushee.

Nilikaa kimya dakika kadhaa.

Maelezo yake ni rahisi mpaka yanaudhi. Ufunguo wa tebo ni GUID, zile herufi ndefu za bahati nasibu, zinatengenezwa kwenye simu ya wakala kabla hata mtandao haujapatikana, kwa hiyo muamala mpya hauendi mwisho wa daftari, unaangukia popote. Na mimi Jumapili usiku najenga indeksi upya bila kutaja kiwango cha kujaza, na usipotaja ni 0, na 0 maana yake ni 100, peji imejaa mpaka mstari wa mwisho. Tebo wakati huo ilikuwa na rekodi kama milioni 8, rekodi 40 kila peji, peji 200,000 zote zimeshiba. Sasa Jumatatu saa mbili asubuhi muamala wa kwanza unaangukia wapi? Kwenye peji iliyojaa. Wa pili? Iliyojaa. Karibu kila mmoja anapasua. Na mpasuko mmoja unaandika logi mara nyingi zaidi ya kuingiza rekodi ya kawaida, na logi yote hiyo lazima ipite ile laini yetu ya huruma kwenda seva ya pili ndo keshia apewe jibu. Ikifika katikati ya wiki peji nyingi zimeshapasuka, zina nafasi, miamala inaingia kimya kimya. Jumamosi raha. Halafu Jumapili nakuja mimi na skripti yangu kuziba nafasi zote.

Kumbe ule mvurugiko wa asilimia 90 ulikuwa tebo inajitafutia pumzi.

Ila nisiende upande wa pili nikasema fragmentesheni haina shida, maana nikapima pia kwa DETAILED Jumamosi usiku na ile NULL ikageuka kuwa namba: ujazo asilimia 57. Yaani karibu nusu ya kila peji ni hewa. Ile ya mvurugiko hainitishi siku hizi, seva yetu ilishahamia SSD, kuruka mbele na nyuma sio kama zamani diski inazunguka. Hewa ndo ghali, kwa sababu peji inabebwa nzima kwenye memori, na hewa yake. Tebo inayopaswa kuwa giga 1.6 ilikuwa inafika 2.9 kila wikendi, nakodisha memori kwa ajili ya upepo. Na hii si ajabu ya kwetu, hii miundo ya B-tree, ambayo indeksi hizi zimejengwa nayo, Bayer na McCreight waliibuni wakiwa Boeing karibu na 1970, na mwaka 1978 Andrew Yao alishapiga hesabu kwamba ukiingiza vitu kwa bahati nasibu muda mrefu, kurasa zinatulia kwenye ujazo wa karibu asilimia 69. Wakati mimi nilikuwa natumia nguvu kuitoa huko kwenda 100, inashuka mpaka 57, naivuta tena 100. Kama mtoto na bembea.

Dawa ikawa aibu kwa ufupi wake. Nimejenga upya kwa kiwango cha kujaza 70, basi, peji inabaki na nafasi ya rekodi 12 hivi. Nilipomwambia bosi nataka kuacha asilimia 30 ya peji tupu akashtuka, "Unataka kuongeza ukubwa wa databesi?" Nikamwonyesha, bosi ikianza ni giga 2.3, hii ya sasa kila Jumamosi ni 2.9, hiyo nafasi tunailipa tayari ila tunailipia kwa mipasuko. Akaangalia, akasema jaribu. (Kuwaomba wenye programu wabadilishe GUID ziwe za mfuatano nilishajaribu zamani, jibu ni kwamba simu za mawakala haziwezi kujua zamu yao, na kwa kweli wana hoja.)

Na ile ya kupanga upya, REORGANIZE, nimeitoa kabisa kwenye tebo hii. Nilikuwa nadhani ni tiba nyepesi. Haiongezi peji mpya, inachofanya ni kubana zilizo na nafasi mpaka zifike kiwango, na zilizojaa inaziacha vile vile zimejaa. Kwa GUID ni kama kupunguza siti za daladala asubuhi.

Wiki ya kwanza Jumatatu ilipita kama Alhamisi. Hakuna tawi lililopiga simu. Nikajiona profesa.

Wiki ya pili nikaaibika. Ripoti ya mikopo iliyochelewa, ambayo siku zote ni sekunde 6, ikaenda dakika 4. Simu zikaanza, mpaka meneja wa tawi moja akaniuliza, "Kaka, mmegusa nini?" Nikapima mvurugiko, asilimia sifuri nukta. Nikawaza labda nimekosea kila kitu, mkono ukaanza kuwasha kuirudisha skripti ya zamani, na ningeirudisha ningepona siku hiyo hiyo na nisingejua kwanini. Kumbe ukijenga indeksi upya, SQL Server inachukua nafasi hiyo kusasisha takwimu za indeksi (picha ya data iliyomo, ambayo seva inaitumia kuchagua njia ya kusoma) kwa kusoma tebo nzima. Miaka miwili ripoti zilikuwa zinakimbia kwa sababu ya takwimu, sifa tunaipa kujenga upya. Nilipoacha kujenga kila wiki, takwimu za safu ya tarehe zikazeeka, seva ikawa inaamini kwamba tarehe za wiki hii hazina muamala hata mmoja, basi inachagua njia ya kusoma rekodi moja moja kama anayeenda sokoni kununua nyanya moja, anarudi, anaenda tena, mara laki mbili. Nikaweka kazi ya kusasisha takwimu peke yake, kila usiku, haigusi mpangilio wa peji hata kidogo. Ripoti ikarudi sekunde 6.

Sa hivi ni mwezi wa tatu. Napima kila Jumamosi usiku, kwa simu tu nikiwa kitandani, ujazo kwanza halafu mvurugiko, na naandika kwenye daftari. Wiki nne za kwanza mvurugiko hausogei, ujazo unapanda taratibu toka 70 kadiri rekodi zinavyoingia. Wiki ya tano asilimia 2 na nukta, wiki ya sita inaruka karibu na 9, hapo najua peji zimeanza kujaa na ndo Jumapili hiyo naenda ofisini kujenga upya. Kwa hiyo tebo ile ile niliyokuwa naisubiri ifike 30 ndo niguse, sasa naigusa kabla ya 10, na nyingine tatu ambazo ufunguo wake ni namba ya mfuatano zina mvurugiko wa 40 huko na sizigusi kabisa, peji zimejaa vizuri, zina raha zao. Hapo skripti ya zamani ingepiga kelele.

Mlinzi ananidai maongezi, anasema Jumapili zimekuwa ndefu.

Na Ijumaa mama mhasibu kaniita dirishani kwake, nikadhani ni mashine imesinzia tena. Kumbe ana faili la posho. "Mwanangu, wewe fomu zako za Jumapili mbona sizioni? Miezi mitatu umeleta mbili tu, unaumwa?" Nikamwambia mama, ile ya Jumatatu kusinzia ndo nimeitengeneza. Akanitazama juu ya miwani, akapiga hesabu kichwani ya Jumapili ngapi mara shilingi ngapi, akacheka mpaka wa dirisha la pili akageuka. "Sasa ungenyamaza!"