Sala ya kimya ilivyonisaidia kupambana na kausha damu kwenye jumuiya yetu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naishi Mbagala, Dar, na huku kwetu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, imeshaingia karibu kila nyumba, mama anachukua laki mbili ya mtaji wa mihogo halafu marejesho kila siku, akikwama wanakikundi wenzake ndo wanaotumwa kuja kubeba godoro na mtungi wa gesi. Na hawa wa kwenye simu ndo balaa zaidi, ukishapakua ile programu inabeba namba zako zote, ukichelewa kidogo tu meseji inaenda kwa bosi, kwa mkwe, hadi kwa katekista, kwamba fulani ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zisizo na leseni, tulishukuru sana, ila mengine yanaibuka na majina mapya.

Mimi ilikuwa inaniuma mpaka silali. Jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani, tunasali Jumamosi asubuhi, injili, maombi, matangazo, michango, tunaondoka, na yule mama aliyebebewa vitu jana yake amekaa palepale kimya hakuna anayemuuliza.

Kwenye mafungo ya Kwaresma padre akatufundisha Lectio Divina, yaani kusali kwa kusoma Biblia taratibu, kwa ile ngazi ya hatua nne aliyoiandika Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12: unasoma Neno, unatafakari, unasali, halafu unatulia. Hapo kwenye kutulia ndo pana kazi, maana huombi kitu wala hupangi kitu, Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2715 inamtaja yule mkulima wa Ars, kijiji cha Ufaransa, aliyekuwa anakaa mbele ya tabernakulo inapowekwa Ekaristi, anasema namtazama naye ananitazama. Basi nikawa naamka alfajiri kabla watoto hawajaamka, simu naizima kabisa, nasoma mistari michache nakaa. Mwanzoni kichwani ni madeni ya watu tu, sikuyafukuza, nilikuwa namwonyesha Mungu yule mama na jina lake basi.

Asubuhi moja nikafika Nehemia sura ya 5, jamani kasomeni ile sura. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba, watoto wao wanakuwa watumwa, na wanaowatoza riba ni ndugu zao wenyewe. Nehemia anakasirika sana, ila kabla ya kwenda kuwakabili wakuu anafanya kwanza shauri na nafsi yake. Pale nilikaa siku nyingi sana sikusonga mbele, kwasababu hasira nilikuwa nayo tayari, kilichokuwa kinakosekana ni hicho cha katikati, kutulia na kushauriana na nafsi kabla ya kutenda.

Nikamwomba mwenyekiti wa jumuiya tuwe tunakaa kimya kidogo baada ya injili, hata kama mtaani muziki unapiga. Wiki za kwanza watu walikuwa wanakohoa tu na kuangalia saa. Halafu Jumamosi moja baada ya ule ukimya mama mmoja akasema mimi nadaiwa sehemu tatu na mume wangu hajui, akalia, na wengine wakaanza kusema ya kwao, kumbe karibu nusu yetu tumo.

Kutokea hapo tukaanzisha mfuko, kila mtu anachoweza, mkopo hauna riba na unarudisha kidogo kidogo. Padre akatuambia watawa Wafransisko walishafanya kitu kinachofanana na hiki kule Perugia, Italia, mwaka 1462, waliweka nyumba za kukopesha maskini kuwatoa kwa watoza riba, na walikuwa watu wa sala. Wa kwanza kusaidiwa ni yule mama wa mihogo, tulienda naye wanne kumalizia deni lake, tukaongea kwa upole, tukadai risiti.

Sio wote wametoka, kuna familia ilihama usiku hatujui iko wapi, tunaiombea kila Jumamosi. Wiki hii tumekubaliana kila mtu aje na simu yake, baada ya injili na ukimya vijana watusaidie kuzifungia hizo programu zisisome namba zetu.