Unaaplai residensi ya macho? Iweke pembeni kwanza ile stori ya bandeji

Kila anayeaplai residensi ya macho, yaani mafunzo ya kuwa daktari bingwa wa macho, ana ile stori. Mzee kaingia thieta akishikwa mkono, katolewa mtoto wa jicho, kesho yake bandeji inafunguliwa anamwona mjukuu wake, wote mle chumbani machozi yanawalenga, na wewe intani, daktari mpya wa mafunzo kazini, uliyesimama pembeni ukajua hapo hapo kwamba kazi yako ni hii. Ni stori ya kweli kabisa, na mimi nimeshuhudia, sitaisahau. Lakini msimu huu wa maombi tunasomeana barua za maelezo binafsi mimi na wenzangu, na karibu zote zinaanza hivyo hivyo, mpaka ukifika aya ya pili hujui tena unasoma ya nani. Sasa fikiria yule daktari bingwa aliyepewa rundo zima asome baada ya kliniki.

Mimi nimeandika kuhusu presha ya macho (glakoma), ugonjwa unaoua neva ya jicho polepole. Na nataka nieleze kwa nini maana naona wengi wanaikwepa.

Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani na uzuri wake unatibika kwa upasuaji mfupi. Tangu Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho pale London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vinakaa tu kwenye macho ya marubani bila kuleta fujo, hii fani imekuwa na bahati ambayo fani nyingi za udaktari hazina, unamrudishia mtu kitu kilichokuwa kimepotea. Ila ukikaa kliniki ya macho wiki nzima, sio ile siku ya thieta tu, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kulinda kilichobaki. Presha ya macho, kisukari kilichoshambulia retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), watu wa kurudi na kurudi miaka na miaka.

Kuna mama mmoja alikaa kwenye slitilampu, ile maikroskopu ya kuchunguzia macho, kidevu kwenye kile kishikio, paji la uso limebana mkanda, na bingwa wangu akaniachia nimweleze mimi. Jicho la kushoto neva ilikuwa imekwisha, kikombe (lile shimo la katikati ya diski, yaani kichwa cha neva ya jicho) kimekula karibu diski yote, la kulia bado zuri zuri. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Kwa hiyo daktari, hili la kushoto ndio basi tena?" Nikamwambia, "Ndio mama, kilichoondoka hakirudi, tunapigania hiki kilichobaki." Akanyamaza kidogo, akauliza hiyo dawa ya matone inawekwa saa ngapi. Tukakaa pale nikamfundisha, vuta kope la chini, tone moja, funga jicho, bonyeza hapa kwenye kona karibu na pua dakika moja mbili ili dawa isishukie kooni. Akajaribu mwenyewe, tone likaangukia shavuni, akajaribu tena mpaka likaingia. Hapo hakuna aliyelia kwa furaha, na mimi nilitoka nikiwa na uhakika zaidi kuliko siku yoyote niliyosimama thieta. Hiyo ndio niliyoiandika.

Sisemi kila mtu aandike presha ya macho, hapana. Andika kitu ulichokifanya wewe kwa mikono yako, hata kama ni kidogo, kuliko kitu kikubwa ulichokitazama kikifanywa na mwingine.

Na kabla hata ya barua, jifunze kuona nyuma ya jicho. Mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alitutengenezea ofthalmoskopu, kile kifaa cha mkononi cha kuchungulia nyuma ya jicho, tangu 1851 na mpaka leo kuna madaktari wanaishika kwa heshima halafu wanaandika "fandasi kawaida", yaani nyuma ya jicho kuko sawa, bila kuona kitu. Jicho la kulia la mgonjwa unatumia jicho lako la kulia na mkono wako wa kulia, unaanzia mbali kidogo kwa pembeni mpaka uone ule mng'ao mwekundu, unausogelea bila kuuachia, ukipata mshipa wa damu ufuate, pale unapogawanyika ile pembe inakuelekeza diski iliko. Ni kama kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo, lazima usogee karibu sana, karibu kuliko unavyojisikia vizuri. Ukilifanya hili kila siku bingwa wako atakuona, na hapo ndipo barua nzuri ya mapendekezo inapotoka, kwa mtu aliyekuona ukirudia rudia. Profesa mwenye jina kubwa aliyekuona mara moja korido ataandika mistari mitatu isiyosema kitu na wanaosoma wanajua.

Taratibu zinatofautiana sana kwa hiyo soma za kule unakoaplai, usibebe za rafiki yako. Marekani macho wana mfumo wao wenyewe wa kuwapangia waombaji nafasi za residensi, SF Match, na majibu yanatoka mapema kuliko ile mechi kubwa ya fani nyingine ya mwezi Machi, ukizubaa ukifuata kalenda ya wenzako wa magonjwa ya ndani umeachwa. Uingereza ukiingia ni safari ya kama miaka 7 mpaka ubingwa. Kwingine chuo kinakupokea kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili na ada ni yako au ya mdhamini wako, hilo nalo liulize mapema jamani maana linabadilisha maisha ya familia nzima.

Kwenye intavyu utaulizwa maswali, sawa, lakini na wewe uliza. Swali langu la kwanza siku zote ni residenti anatoka hapa akiwa amefanya operesheni ngapi za mtoto wa jicho yeye mwenyewe, sio za kusaidia. Marekani kiwango cha chini kilichowekwa ni 86 kama mpasuaji mkuu, kwa hiyo una kitu cha kulinganishia popote ulipo. Hii ni kazi ya maikroskopu, mikono yote miwili na miguu yote miwili kwenye pedali, uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele, haisomeki kwenye kitabu wala haiji kwa kusimama nyuma ya mtu. Uliza pia kama kuna mahali pa kufanyia mazoezi kabla ya kugusa mgonjwa, na nani anakaa pembeni yako unapoanza. Wakikujibu kwa kuzunguka, subiri mapumziko, mtafute residenti wa mwaka wa mwisho, muulize yeye wiki iliyopita ameshika jicho mara ngapi.